Hofu Iliyotungwa na Hofu Iuayo

Siku hizi yako maneno mengi katika vijiji vyetu, toka Liganga hata Njombe na Makambako, juu ya michezo ya kutisha ambayo vijana huicheza katika simu na kompyuta. Wengine husema michezo hiyo huingiza pepo nyumbani. Wengine husema huharibu akili za watoto, na ya kuwa simu zenyewe zafaa kutupwa motoni. Wasemao hivyo ni watu wa heshima, nao wawapenda watoto wao. Walakini nasema waziwazi kwamba wamemkamata asiye mwizi, na mwizi mwenyewe ameketi nao barazani.

Kwanza na tuujue mchezo wenyewe, maana si haki kuhukumu jambo tusilolijua. Nautwaa mmoja uliopata sifa nyingi, uitwao Slender: The Eight Pages. Ulitoka mwaka 2012. Haukutengenezwa na kampuni kubwa yenye mali. Aliutengeneza mtu mmoja, Mark Hadley, akautoa bure. Baadaye wengi waliuiga, na michezo ya namna hiyo imejaa katika simu. Achezaye haoni umbo lake katika kioo cha kompyuta. Huona kwa macho ya mtu aliyemo ndani ya mchezo, kana kwamba ni yeye mwenyewe. Ni usiku, yumo msituni, na mkononi ana tochi tu. Hana panga wala bunduki. Kazi yake ni kutafuta kurasa nane zilizobandikwa huku na huku, mitini na kutani. Kadiri azipatavyo, ndivyo mtu mrefu asiye na uso, mwenye suti nyeusi, anavyozidi kumwandama. Akimtazama, picha huchafuka. Akikawia kumtazama, mchezo umekwisha.

Hofu ya mchezo huu yatoka katika giza, na katika kimya, na katika kujua ya kuwa yuko mtu nyuma yako. Mwenyeji wa Njombe aliyepata kupita peke yake katika shamba la misonobari wakati wa ukungu aijua hofu hiyo bila kufundishwa na mtu.

Na yule mtu mrefu alitoka wapi? Hakutoka kuzimu. Alitungwa na Eric Knudsen tarehe 10 Juni 2009. Watu walikuwa wakishindana katika intaneti kutengeneza picha za uongo zenye mizuka. Naye akatwaa picha mbili za watoto, akatia ndani yake umbo la mtu mrefu, akampa jina na hadithi. Basi mtungaji twamjua, siku twaijua, na njia aliyoitumia twaijua. Likumbukeni neno hili, maana hoja yangu yote yasimama juu yake.

Hofu ya namna hii si ngeni kwetu. Bibi aliketi na wajukuu penye moto, akawasimulia habari za zimwi lililommeza mtoto mkaidi. Watoto wakasogeleana kwa hofu, na kesho yake wakaomba kusimuliwa tena. Lakini kabla hajaanza husema, “Hadithi, hadithi!” Nao huitikia, “Hadithi njoo!” Mwitikio ule ndio mlango. Kwa mlango ule mtoto aliingia katika hofu akijua kwamba ni hadithi, na kwa mlango ule ule akatoka, akaenda kulala. Mchezo wa kompyuta nao una mlango wake: una jina la mtungaji, una mwanzo na mwisho, na huzimwa kwa kidole kimoja. Hofu yenye mlango haimfungi mtu. Tuiogope ile isiyo na mlango.

Wako watakaonijibu, “Je, hukusikia habari za Waukesha?” Nimezisikia, wala sitazificha. Tarehe 31 Mei 2014, katika mji huo ulioko jimbo la Wisconsin, Marekani, wasichana wawili wa miaka 12 walimwongoza mwenzao wa umri wao hata msituni, wakamchoma kisu mara 19. Yule mtoto alijikokota mpaka njiani, akaonekana na mwendesha baiskeli, akapona. Wale wawili walipoulizwa, walisema walitaka kumpendeza yule mtu mrefu ambaye walisoma hadithi zake katika intaneti. Baadaye mahakama iliona ya kuwa akili zao zilikuwa na ugonjwa, nao wakapelekwa hospitali badala ya gerezani.

Ni habari ya kuhuzunisha, walakini tuitazame vema. Watu wengi mno ulimwenguni walisoma hadithi zile zile na kuucheza mchezo ule ule, kisha wakazima, wakaenda kula chakula cha jioni. Wale wawili walipotelea wapi? Walipotea pale waliposadiki. Machoni pao mtungaji alikuwa ameondoka, akabaki bwana adaiye damu. Waliogopa kama watoto wengine, wakapita mbele wakaanza kuitumikia hofu yao. Basi habari ya Waukesha hainishindi. Yanifundisha ya kuwa hofu huua pale mtu anapoisadiki na kuitolea sadaka.

Sasa tuache Marekani, turudi katika nchi yetu, tujihukumu wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa pamoja na dereva wao. Walikwenda kuchukua udongo ili upimwe. Ikavuma kwamba ni wanyonya damu, wale mumiani ambao habari zao tumezisikia tangu utoto. Ni mchezo gani wa kompyuta uliowafundisha watu wale kuua? Hapana hata mmoja. Walifundishwa na hofu isiyo na mtungaji, ambayo kila mtu huipokea kwa jirani, akaitia chumvi, akaipeleka kwa mwingine, wala hapana aulizaye, “Nani aliyeanza?”

Na hapa kwetu Njombe, nani ameusahau mwanzo wa mwaka 2019? Watoto walitoweka, kisha wakaonekana wamekufa, na baadhi yao wamekatwa viungo. Mwishoni mwa Januari mwaka ule, Naibu Waziri wa Afya, Faustine Ndugulile, alitangaza kwamba miili ya watoto 10 imepatikana, akayahusisha mauaji hayo na ushirikina. Wazazi waliogopa hata kumwacha mtoto aende shule peke yake. Siku zile neno lililokuwa kinywani mwa kila mtu halikuwa gemu. Lilikuwa ramli, na tamaa ya utajiri upatikanao kwa viungo vya binadamu.

Hapo ndipo alipo mwizi niliyemsema. Simsemi mzee ajuaye majani na mizizi ya kutuliza tumbo. Namsema mpiga ramli. Huyu naye ni mtunzi wa hofu kama wale watunzi wa michezo, ila tofauti zao ni kubwa. Mtengeneza mchezo huweka jina lake juu ya kazi yake, akakiri kwamba ametunga. Mpiga ramli huficha kwamba ametunga, akaapa ya kuwa ameona. Mchezo humwachilia mtu saa azimapo simu. Mpiga ramli humwambia mtu kwamba adui yake ni jirani yake, au shangazi yake, au mama yake mzazi, na tangu siku hiyo mtu yule hana tena pa kuzimia hofu yake. Hutakiwa kuku, kisha mbuzi, kisha fedha. Na yule aliyezama sana katika tamaa huambiwa alete kiungo cha mwanadamu.

Wala msiseme kwamba Serikali haikuona. Sheria ya Uchawi iko katika nchi yetu tangu mwaka 1928, siku za Waingereza. Mwezi wa Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Miaka minne baadaye Njombe ikalia. Basi sheria tunayo; tulichokosa ni kinywa. Twaikemea simu ya mtoto kwa sauti kuu kwa kuwa twajua simu haiwezi kuturoga. Mpiga ramli twamnyamazia, maana twamwogopa. Tena wako waketio ibadani siku ya Jumapili, na usiku wa Jumatatu wanabisha hodi mlangoni pake. Mtu wa namna hii akisimama kuhubiri juu ya gemu, na ajisikilize mwenyewe kwanza.

Sisemi kwamba mtoto mdogo apewe mchezo wa kutisha. La hasha! Mtoto mdogo huweza kushikwa na hofu ya picha, na usiku asilale. Mzazi anyimaye afanya vema, na amnyime pasipo kumdanganya. Akimwambia mtoto, “Usicheze, pepo atatoka humo,” amemkinga na hofu iliyotungwa kwa kumkabidhi hofu isadikiwayo, nayo ndiyo mbaya zaidi. Na amwambie kweli: “Hii ni hadithi ya kutisha, wewe u mdogo bado, ngoja ukue.”

Na kijana aliyekua akitaka kucheza, mkubwa aketi naye amwulize maswali matatu. Nani aliyeitunga hofu hii? Aliitunga apate nini? Nisipoisadiki, napoteza nini? Majibu ni mepesi, naye kijana atacheka. Lakini akiyazoea maswali hayo mbele ya mtu mrefu asiye na uso, hatayasahau siku ile atakapopelekwa mbele ya mwenye kibuyu na vitambaa vyekundu. Mpiga ramli hawezi kulijibu swali la kwanza kwa kweli, kwa maana siku atakayolijibu kazi yake imekwisha.

Basi, ndugu zangu, uzimeni moto mliouwasha kwa ajili ya simu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua, nasi wa Njombe kilio kimekwisha kutufichua mara moja. Mkijua nyumba ambamo watu huambiwa kwamba utajiri watoka katika mwili wa mtoto, msinong'onezane kisimani. Mwendeeni mwenyekiti wa kijiji, nendeni polisi, mkataje mahali na jina, tena mwende wengi pamoja, ili asiwepo wa kuogopa peke yake.