Programu Huria Si ya Mainjinia Peke Yao

Mkulima wa chai, awe Litein au Silibwet, hakubali majani yake yapimwe kwa mizani anayoisoma karani peke yake. Anataka kuona kilo kwa macho yake. Programu huria ni hivyo hivyo: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuukagua, kuutumia na kuuboresha.

Tayari unazitumia. Simu ya Android inaendeshwa juu ya Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 na ambayo maelfu ya watu wameiendeleza. Hapa kwetu, Ushahidi ilitengenezwa Januari 2008 ili wananchi waripoti ghasia za baada ya uchaguzi. Kwa sababu ni huria, ilitumika tena Haiti baada ya tetemeko la 2010. Hata Mojaloop, mfumo huria wa kuunganisha huduma za malipo, umebeba neno letu "moja".

Shida ni kwamba tukisikia "kuchangia programu" tunafikiria vijana wa kompyuta Nairobi. Mimi sikubaliani. Msimbo ni sehemu tu ya kazi. Kuna kutafsiri, kujaribu na kueleza kilichoharibika, na hapo mtumiaji wa kawaida anajua mengi kuliko injinia.

Chukua meseji ya malipo yaliyochelewa. Mtafsiri akiandika "muamala unashughulikiwa", mama aliyepokea bonasi ya chai na anayelipa karo atabaki na wasiwasi, pengine atume mara ya pili. Lakini ikisema "Usitume tena, pesa bado iko njiani", atasubiri. Maneno machache tu, na karo haijalipwa mara mbili. Nani atajua tofauti hiyo kama si mtu anayeongea na mama huyo kila siku?

Ukitaka kuanza, anza kidogo. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unapokea sauti za watu wakisoma sentensi za Kiswahili, ili kompyuta zijifunze kutuelewa. Miradi mingine inahitaji watafsiri. Ukiona hitilafu, andika ulikuwa unafanya nini, ulitarajia nini, na simu ilionyesha nini.

Ila kumbuka, ripoti hizo kwa kawaida husomwa na dunia nzima. Usiweke PIN, namba ya kitambulisho, namba ya simu wala picha ya meseji yenye jina na salio lako. Kama hitilafu inaweza kumsaidia mwizi, usiitangaze. Waandikie wasimamizi faraghani. Na kama ni pesa yako imepotea, piga simu kwa huduma kwa wateja, usipeleke huko.

Kampuni za malipo nazo zina deni. Zikitumia kazi huria bure, zirudishe kitu: marekebisho, muda wa wafanyakazi wao, au tafsiri nzuri. Tukiwaachia wengine kazi hii yote, tusishangae simu zetu zikiendelea kutuongelesha kama wageni.