Kikokotoo cha Shaba na Swali la Makala

Kuunda kikokotoo kidogo kwa ajili ya mchezo wa video ni kazi halali ya mwanaisimu. Najua baadhi ya walimu na wenzangu watatabasamu, lakini naomba wanisikilize.

Mchezo wenyewe ni Minecraft, ulioongezewa shaba mwaka 2021. Jiwe moja la shaba likichimbwa hutoa vipande ghafi 2 hadi 5. Kila kipande hukaa tanuruni sekunde 10, kikatoka mkuo 1, na mikuo 9 hufanya bloku 1. Anayetaka paa la bloku 100 anahitaji mikuo 900: tanuru moja litawaka saa mbili na nusu, matanuru kumi dakika 15. Hesabu hizo niliziandika kwa jioni moja. Maneno ya kuweka kwenye vitufe yalinichukua wiki mbili.

Kamusi zinatupa *mbale* kwa mawe yenye madini na *mkuo* kwa kipande cha madini yaliyoyeyushwa. Ni maneno mazuri. Lakini mdogo wangu, mzaliwa wa Kolwezi anayeona malori ya shaba yakielekea Kasumbalesa, aliniuliza mkuo ni nini. Yeye anajua *mineré* na *lengo*, kwa Kifaransa cha mgodini. Na huyo *lengo*, kwa Mswahili wa pwani, ni shabaha!

Moto nao una swali lake. Kolwezi tunapikia *makala*, na katika mchezo kipande kimoja huyeyusha vitu 8. Msomaji wa Dar es Salaam atashangaa makala moja kuyeyusha shaba. Kwake makala ni hii anayoisoma, na cha jikoni ni *makaa*.

Wapo watakaosema: andika sanifu, basi. Mimi nakataa. Kitufe ambacho mtumiaji wake hakielewi hakimsaidii, hata kikiwa na kibali cha kamusi. Kikokotoo changu kinasema *makala*. Kinasema pia *mkuo*, kwa kuwa hapo neno la Kiswahili lipo na linafundishika, na ukiligusa linajieleza kwa sentensi moja.

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha zetu nne za kitaifa, lakini katiba haimfundishi mtoto kuhesabu shaba ya kwao. Mwaka 1965 waliowahi kuwa watumishi wa majumbani waliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chao cha Katanga, bila kungoja ruhusa ya kamusi. Leo wanaisimu wanaichambua kwa heshima.

Pendekezo langu kwa kitivo ni dogo: mwanafunzi anayeandika faharasa ya istilahi mwishoni mwa tasnifu aruhusiwe kuwasilisha badala yake chombo kimoja kinachotumika. Faharasa husomwa na jopo la watahini, lakini kikokotoo kitasahihishwa na kila mtoto anayekibonyeza.