Masoko Ipi?

Mkazi wa Tukuyu akisema anakwenda Masoko, wenzake humwelewa mara moja: anakusudia kata iliyo kusini-mashariki ya mji, penye ziwa la kreta liitwalo pia Kisiba. Mkazi wa Kilwa akilitamka neno lilo hilo, anakusudia mji wa pwani, mkoani Lindi. Kila mmoja yu sahihi kwao. Mashaka huanza pale mzigo unaposafirishwa na juu yake pameandikwa "Masoko" tu.

Kompyuta nayo hupatwa na mkasa huu. Prosesa na njia kuu inayoiunganisha na vifaa huweza kuwa na anwani mbili tofauti kwa mahali pamoja. Katika Raspberry Pi ya kwanza, kompyuta ndogo iliyotolewa Uingereza mwaka 2012, rejista za vifaa, yaani vijumba vya kupokelea amri, zilianzia 7E000000 kwenye njia kuu (kwa kizio cha 16), lakini prosesa ilizifikia kwa 20000000. Waandishi wengi wa programu waliichonga namba hii ya pili ndani ya kazi zao. Mwaka 2015 likaja toleo la 2, lenye kumbukumbu ya gigabaiti 1. Anwani 20000000 sasa ikawa kumbukumbu ya kawaida, na rejista zikahamia 3F000000. Amri iliyokusudiwa kuwasha taa ingeweza kuandikwa juu ya data za programu nyingine, bila onyo lolote, huku mwanafunzi akilaumu nyaya!

Wako waliofuta namba ya zamani wakaandika mpya. Hicho kilikuwa kiraka tu, maana toleo la 4, mwaka 2019, lilizihamisha tena hadi FE000000. Dawa ni jedwali la tafsiri lililo nje ya programu endeshi: programu hutaja anwani ya njia kuu, ambayo haikubadilika, na mfumo husoma jedwali la mashine iliyopo.

Shule zinazofundisha kompyuta kwa kukariri majina ya sehemu zake huwapunja wanafunzi. Hesabu hii yatosha ubao mmoja: rejista za pini ziko 7E200000, ondoa 7E000000, hubaki 200000, jumlisha 3F000000, hupatikana 3F200000. Kisha mwalimu abadilishe toleo, na darasa litafute jibu upya.