Kiungo Kisichobisha Hodi

Mila zetu hazimruhusu mtu kuingia nyumbani kwa mwenziwe bila kubisha hodi, hata akiwa amebeba zawadi. Katika makundi ya mijadala ya ushairi mitandaoni, adabu hiyo yapungua. Watu wanajadili vina na mizani, mara kiungo chatupwa katikati yao: hakina jina la mtunzi, wala neno la kueleza kilichomo. Wanakundi huachiwa wakifungue, kila mmoja kwa bando lake, ndipo wajue kama ni shairi, tangazo au utapeli.

Kwa maoni yangu, mwenye kutuma kiungo adaiwa mambo matatu: aseme ni nini, ni cha nani, na kinahusiana vipi na mazungumzo yaliyopo. Sentensi mbili zatosha. Asiyeweza kuziandika huenda hajakisoma, na asichokisoma asiwatwike wenziwe.

Hilo la pili ndilo zito zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840. Diwani yake ilichapishwa 1940. Kabla ya hapo tungo zake zilihifadhiwa vifuani na karatasini. Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuzifafanua, W. E. Taylor akaziandika, naye William Hichens akazihariri. Wote hao walikuwa wapitishaji, kama sisi tunaobofya simu zetu. Tofauti ni kwamba wao walipitisha tungo pamoja na jina la mwenyewe.

Wako wasemao kuwa kundi ni baraza tu, halihitaji masharti. Baraza gani hilo? Barazani mleta habari huulizwa kaipata wapi. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha mazungumzo matano kwa kila mara ujumbe unaposambazwa, lakini mtambo wajua kuhesabu tu; kustahi ni kazi ya mtu.

Nao wasimamizi wa makundi wasimfokee mkosaji hadharani. Wamwite faraghani, wamweleze, wampe nafasi ya kuongeza maelezo yaliyokosekana. Heshima haifundishwi kwa kuvunjiana heshima.

Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Shairi likienea bila jina la mtunzi, aliye hai hukosa shukrani, na aliyetangulia hukosa dua.