Ukiibana Mahakama, Wambana Nani?

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii sote tumeiandikia insha. Leo fahali ninaowasema ni Hazina ya Taifa na Idara ya Mahakama, na ugomvi wao ni wa fedha. Nyasi je? Nyasi ni mimi na wewe, msomaji mpenzi.

Mnamo Novemba 2019, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alijitokeza mbele ya wanahabari akalalamika waziwazi kwamba bajeti ya Mahakama imekatwa katikati ya mwaka wa fedha. Miongoni mwa kazi alizosema zitakwama ni mahakama za kuhamahama, zile ambazo hakimu na karani wake hufunga safari na mafaili yao kwenda kuwasikiliza watu wanaoishi mbali na mji.

Wapo wasemao, "Serikali haina pesa, kila mtu ajikune ajipatapo." Hoja hiyo ina uzito. Hospitali zataka dawa, na sisi wenyewe twajua tunavyogombania kitabu kimoja watu watatu. Lakini naomba niulize: pesa hiyo iliyobanwa, kweli imeokolewa?

Hebu tupige hesabu. Mjomba wangu ana kesi ya shamba. Akifika kortini huambiwa, "Hakimu hayupo, rudi tarehe fulani." Nauli yake imeshaliwa, ya mashahidi wake wawili pia, na kibarua cha siku kimepotea. Kesi ikiahirishwa mara tano, hasara ni mara tano. Wakati huohuo, mshukiwa aliyekosa dhamana yuko rumande, analishwa na kulindwa kwa pesa za serikali ileile iliyosema haina. Kumbe shilingi haikuokolewa, jamani! Imehamishwa tu, kutoka daftari la Hazina hadi mfuko wa maskini na jiko la gereza. Tajiri hana taabu. Ana wakili, ana gari, anaweza kungoja.

Tena mahakama zikiwezeshwa, kazi huonekana. Sheria ya Mahakama za Madai Madogo ya 2016 inataka madai yasiyozidi shilingi milioni moja yaamuliwe ndani ya siku 60. Mama mboga anayedai deni lake hana haja ya kuzeeka akingoja. Lakini sheria haiketi kitini ikasikiliza kesi. Anayeketi ni mtu, na mtu hulipwa mshahara.

Wakenya waliipitisha Katiba mwaka 2010. Kifungu cha 159 kinasema haki isicheleweshwe, na cha 173 kinaunda Mfuko wa Mahakama. Mfuko huo ulianza kufanya kazi mwaka 2022, miaka kumi na miwili baadaye! Na mfuko usio na kitu ndani ni mfuko tu.

Maoni yangu ni haya: bajeti ya Mahakama ikishapitishwa na Bunge, isiguswe njiani. Nayo Mahakama itoe hesabu ya kila senti, maana anayehukumu wezi hafai kushukiwa. Nasi wanachama, Waziri wa Fedha asomapo bajeti mwezi wa Juni, tusisikilize bei ya unga na mafuta peke yake. Tutege sikio tujue haki imetengewa ngapi. Siku ya kuihitaji haipigi hodi.