Acorn: Kampuni Iliyokufa na Bongo Lililobaki

Muuza mboga wa Spring Valley anapopokea malipo ya M-Pesa kando ya barabara ya Lower Kabete, ni nadra mtu kufikiri kwamba simu iliyo mkononi mwake ina urithi wa kampuni ya Kiingereza iliyovunjika zamani. Kampuni hiyo ni Acorn, jina lenye maana ya tunda la mwaloni. Iliasisiwa Cambridge mwaka 1978, na mwaka 1981 ikatoa tarakilishi ya BBC Micro, kwa ushirikiano na shirika lile lile la utangazaji ambalo Waswahili wamelisikiliza redioni tangu 1957. Serikali ya Uingereza ilizilipia shule nusu ya bei, nayo televisheni ikaufundisha umma kuandika programu. Zaidi ya milioni moja ziliuzwa.

Kisha soko likaporomoka. Mwaka 1985 Acorn iliokolewa na Olivetti ya Italia. Mwaka 1999 haikuwapo tena. Lakini katika mwaka ule ule wa dhiki, 1985, Sophie Wilson na Steve Furber walikuwa wamekamilisha kichakataji chao wenyewe, yaani bongo la tarakilishi. Mwaka 1990 kazi hiyo iliundiwa kampuni yake, ARM, na leo usanifu wake umo katika karibu kila simu ya mkononi duniani.

Kenya nayo ilikuwa na ndoto ya namna hiyo. Ahadi ya tarakilishi kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013, na vishikwambi vikaanza kufika shuleni mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilishirikiana na Positivo BGH ya Amerika Kusini, na kile cha Moi na JP Sá Couto ya Ureno. Hapo ndipo penye kasoro: vyuo vikuu vilipewa kazi ya kuunganisha vipuri vilivyobuniwa kwingine. Atakayejibu kwamba Acorn pia ilianza kwa kununua vichakataji vya Kimarekani atakuwa amesema kweli. Tofauti ni kwamba wahandisi wake hawakuridhika navyo, na waliruhusiwa kutoridhika.

Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka 2016 ndio walioufanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023. Wanakaribia milango ya vyuo hivyo hivyo, na bado haijaelezwa kama humo watakabidhiwa bisibisi au kazi ya kubuni.