Tusinunue Mashine Kabla ya Kuuliza Bei ya Wino

Wahenga hawakuwahi kuona mashine ya kuchapisha picha, lakini waliposema kwamba rahisi ni ghali, ungedhani walikuwa wamesimama sebuleni kwetu wakiitazama ile yetu. Iko juu ya kabati, imefunikwa leso ya mama, haifanyi kazi yoyote. Mimi ndiye niliyeichagua. Ndiyo maana leo nashika kalamu.

Katika mkutano wa Chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita, ilitolewa hoja kwamba chama kinunue printa ya picha. Nia yenyewe ni njema, siipingi. Sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4. Wanaotufuata wako katika mtaala mpya. Tukishaondoka, hakutakuwa tena na Kidato cha Nne cha aina yetu, na kila mwanachama angependa kubaki na picha za kumbukumbu, za karatasi, si za simu ambayo kesho itaibwa ndani ya matatu. Mweka hazina alitangaza kwamba tuna shilingi 9,400. Katibu naye akasema ameona printa mjini kwa shilingi 7,000. Basi mikono ikanyooshwa kama msitu!

Wa kwangu ulinyooshwa kupinga, nikachekwa. Mmoja akasema, "Huyo anaogopa maendeleo." Jamani, siogopi maendeleo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hebu nieleze niliumwa wapi.

Mwaka jana mama yangu alipokea zamu yake ya chama cha akina mama. Kaka yangu mkubwa hupiga picha kwa simu siku za Jumapili hapa Kaptembwa, watu wanapotoka kanisani wakiwa wamependeza. Alizoea kupeleka picha hizo studio mjini zikachapishwe, halafu anawarudishia wenyewe kwa shilingi 50 kila moja. Mama akaona nauli na pesa za studio zinapotea bure. Akasema, "Tununue yetu." Na kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma somo la Kompyuta, nikapewa kazi ya kuchagua.

Dukani nilivutiwa na printa ndogo nyeupe ya shilingi 6,800. Mama, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, akauliza swali moja tu: "Na wino wake ni pesa ngapi?" Aliyemjibu hakuwa mwenye duka, alikuwa mimi. Nikamwambia, "Mama, wino ni wino tu. Si uko ndani tayari?" Mwenye duka akatabasamu, akaifunga.

Wino uliokuja nayo ulitoa picha 23, ukaisha. Tukanunua katriji ya rangi kwa shilingi 2,100. Hiyo ilitoa picha 38 za inchi 4 kwa 6, kisha nyuso za watu zikaanza kuwa na mistari. Tukanunua nyingine, na nyingine, mpaka zikafika nne. Kaka alikuwa akirudi nyumbani kila Jumapili na noti mkononi, nasi tukifurahi kwamba biashara imeshika.

Mali bila daftari huisha bila habari. Siku moja mama alichukua daftari lake la kibanda, lile anamoandika nyanya na sukuma wiki, akatuita mezani. Picha 38 kwa shilingi 50 ni shilingi 1,900. Katriji ni shilingi 2,100. Kumbe tukiuza picha zote za katriji moja hatuwezi kununua katriji nyingine! Na hapo hatujataja karatasi ya kung'aa, ambayo ilikuwa shilingi 10 kila moja, yaani 380 zaidi. Kila katriji ilikuwa ikitutia hasara ya shilingi 580. Kila mteja aliyetulipa shilingi 50 tulikuwa tukimwongezea shilingi 15 zetu ili achukue picha yake.

Pesa hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mtaji wa nyanya. Kwa wiki mbili kibanda cha mama kilikuwa na sukuma wiki peke yake, na wateja wake wakahamia kwa jirani. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tangu siku hiyo nimefanya uchunguzi wangu, katika vitabu, kwa mwalimu wa Kompyuta na kwa mafundi wa mjini. Nimegundua kwamba hatukurogwa. Biashara ya printa ndogo ndivyo ilivyo. Mashine huuzwa kwa bei ya chini, na faida hutafutwa kwenye wino, kama vile mtu akuuzie taa kwa bei ya kutupa kwa kuwa anajua mafuta yake yanapatikana kwake pekee.

Jambo la pili ni kipimo. Katriji ndogo ya rangi inaonekana kubwa mkononi, lakini wino uliomo ni mililita chache tu, kiasi cha kijiko cha chai au hata pungufu. Ndani ya katriji hiyo moja mna rangi tatu: samawati, majenta na manjano. Moja ikiisha, hata kama mbili zimebaki, katriji nzima unaitupa. Sasa ukipiga picha nyingi za watu waliosimama chini ya anga la buluu pale Ziwa Nakuru, unadhani ni rangi ipi itakayotangulia kuaga?

Tatu, msidanganywe na idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi. Kurasa hizo hupimwa kwa hati za kawaida, zenye sehemu kubwa nyeupe. Picha haiachi nafasi. Inafunikwa wino kutoka pembe hadi pembe. Tena mara nyingi printa hutumia wino kujisafisha inapowashwa, hata kama hujachapisha kitu.

Mtaniuliza, "Kwa hivyo tufanyeje, turudi enzi za mawe?" La hasha. Mashine nzuri zipo, ila kila moja ina mtu wake.

Ipo ya matangi. Zamani mafundi wa mitaani katika nchi mbalimbali walikuwa wakiunganisha mirija na chupa za wino za nje kwenye printa za katriji. Kampuni nazo zikaona heri kuuza chombo hicho wenyewe. Epson ilianza kuuza zake nchini Indonesia mwaka 2010, na wengine wakafuata. Printa ya picha kama Epson L805 ina matangi sita, kwa sababu pamoja na zile rangi nne za kawaida huongezewa samawati nyepesi na majenta nyepesi ili ngozi ya mtu itoke vizuri. Kampuni huhesabu hadi picha 1,800 za inchi 4 kwa 6 kwa seti moja ya chupa. Tuseme chupa moja ni shilingi 2,000. Sita ni 12,000. Hata tukiwa waoga tukahesabu nusu ya picha hizo, yaani 900, wino wa picha moja hauzidi shilingi 14. Ukiongeza karatasi ni shilingi 24. Hapo sasa mtu anaweza kuuza kwa 50 akalala usingizi. Tatizo ni bei ya mashine yenyewe. Niliyoonyeshwa mjini ilikuwa shilingi 42,000. Kwa faida ya shilingi 26 kwa picha, itabidi uuze zaidi ya picha 1,600 kabla mashine haijajilipa.

Ipo pia ile isiyotumia wino wa maji kabisa, kama Canon Selphy. Hutumia utepe wa rangi unaopashwa joto. Karatasi hupita mara nne: manjano, majenta, samawati, na mwisho utando wa kuikinga picha. Utepe na karatasi huuzwa pamoja, kwa mfano pakiti ya picha 108. Uzuri wake ni kwamba gharama unaijua mapema: gawanya bei ya pakiti kwa 108, umemaliza. Tena haikauki ikikaa miezi bila kazi. Ila haiwezi kukuchapishia barua wala insha.

Basi msimamo wangu ni huu: si bei ya mashine inayopaswa kutuchagulia printa, bali idadi ya picha tutakazochapisha. Tuihesabu ya kwetu. Chama kina wanachama 60. Tuseme kila mmoja atataka picha 5. Hizo ni 300. Kwa printa ya katriji kama ile ya nyumbani kwetu tutahitaji katriji 8, yaani shilingi 16,800. Karatasi ni 3,000. Mashine ni 7,000. Jumla ni shilingi 26,800, na tukiuza picha zote kwa 50 tutapata 15,000. Hasara ni 11,800, na hazina yetu yote ni 9,400! Printa ya matangi nayo hatuna uwezo wa kuinunua, na hata tungekuwa nao, picha 300 haziikaribii ile 1,600.

Njia ya tatu ndiyo inayodharauliwa. Nilikwenda studio mjini nikauliza, nikaambiwa picha 300 kwa pamoja watatuchapishia kwa shilingi 30 kila moja. Hizo ni shilingi 9,000. Tukiuza kwa 50 tunabaki na faida ya shilingi 6,000, hatuna mashine ya kuharibika, na mweka hazina hatalazimika kukopa.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba tutajaza katriji wino wa chupa kwa sindano. Kaka alijaribu. Mikono yake ilikuwa ya samawati siku tatu, na bibi harusi mmoja akatoka na uso wa kijani kibichi. Simlaumu aliyemuuzia wino. Wino usiolingana na mashine hutoa rangi nyingine, na picha zake hazikawii kufifia zikibandikwa karibu na dirisha. Pingamizi ya pili ina uzito zaidi: kwamba mashine ikiwa yetu tutajifunza kazi. Hilo ni kweli, nami nalikubali. Lakini ujuzi wa kwanza wa biashara ya picha ni hesabu, na hesabu hiyo tunaweza kujifunza kwa daftari la shilingi 20. Siku chama kitakapopata oda za shule jirani tukavuka picha 1,600, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono tununue ya matangi.

Na kwa wale ambao tayari wana printa nyumbani, nina mawaidha machache. Inasemekana jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai la vumbi, na mwezi wa Januari na Februari sote tunajua kwa nini. Funika mashine yako. Izime kwa kitufe chake, usichomoe waya ukutani, kwa sababu kitufe ndicho kinachorudisha kichwa cha wino mahali pake kifunikwe kisikauke. Usiiwashe na kuizima mara kwa mara, lakini pia usiiache mwezi mzima bila kazi. Ukurasa mmoja wa rangi kila wiki unatosha. Picha za pasipoti usichapishe moja moja, kwani zile za milimita 35 kwa 45 zinaingia nane kwenye karatasi moja ya inchi 4 kwa 6.

Wazazi wetu walipopiga picha za filamu walikuwa na picha 24 au 36 tu, basi kila moja waliifikiria kabla ya kubonyeza. Sisi simu imetuzoesha kwamba picha ni bure. Ni bure mpaka pale inapotaka karatasi.

Kaka amerudi kwa studio, na sasa kila Jumapili hubaki na kitu mfukoni. Nyanya nazo zimerudi kibandani, ingawa si wateja wote waliorudi. Mimi kila nikipita chini ya lile kabati nakumbuka swali la mama ambalo sikulijibu ipasavyo: "Na wino wake ni pesa ngapi?"

Wanachama wenzangu, hoja itarudi mkutanoni muhula huu. Kabla hamjanyoosha mikono, muulizeni katibu swali hilo hilo. Asipokuwa na jibu, tusipige kura siku hiyo. Pesa za chama ni za wanachama 60, na wengi wetu tunajua mzazi aliuza nini ili zile shilingi za mchango zipatikane.

Kwa hayo machache, kalamu yangu naitua.